Nyekundu isiyopauka: Rangi ya gari inayoweza kugeuka leza

Simama dakika kumi kando ya barabara yoyote kubwa ya Nairobi na uhesabu magari mekundu. Utaona makundi mawili. Kuna nyekundu iliyochoka: boneti imegeuka waridi, paa limeota weupe weupe kama mtu aliyesahau kujipaka mafuta asubuhi ya Julai. Halafu kuna nyekundu nzito, ile ya maruni. Gari lina miaka kumi na tano barabarani, limepigwa jua la Mombasa na mvua ya Limuru, na rangi bado iko fiti.

Sehemu ya siri ni ile vanishi ya juu, na mafundi wa kupuliza rangi watakwambia hivyo. Lakini sehemu nyingine iko ndani kabisa, kwenye molekuli zinazofanya nyekundu iwe nyekundu. Rangi za bei nafuu huwa na molekuli ambazo jua linazivunja polepole hadi zinaacha kuwa rangi. Zile ghali hutumia molekuli ngumu, na familia moja ngumu kuliko nyingi inaitwa perilini.

Kama ni gari tu, singekuwa na haja ya kuandika. Kinachofanya stori hii iwe tamu ni kwamba molekuli hiyo hiyo ya kwenye boneti, ukiitoa kwenye msongamano na kuiacha ielee peke yake, inaacha kuwa rangi ya kawaida na kuanza kuwaka. Ukiisukuma zaidi, inatoa leza. Na kuna watu wanaotaka kutumia leza hiyo kupima damu yako kwa kipande cha plastiki kidogo kuliko laini ya simu.

Niseme mapema: mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na hii fizikia nimeisoma kwa simu, usiku, bando zikiwa za bei ya chini. Kwa hivyo hakutakuwa na milinganyo hapa. Kutakuwa na chapati.

Naftalini mbili zikishikana mikono

Unajua vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kufukuza nondo, vyenye harufu ya nguo za nyanya? Vile vya zamani vilitengenezwa kwa naftalini. Molekuli ya naftalini ni pete mbili za kaboni zilizobandikwa ubavu kwa ubavu. Sasa chukua naftalini mbili, ziunganishe sehemu mbili, na katikati itajifunga pete ya tano. Hiyo ndiyo perilini: kaboni 20, haidrojeni 12, na umbo bapa kabisa.

Ubapa huo ni muhimu. Elektroni za kwenye pete hizo hazikai na kaboni moja, zinazunguka molekuli nzima kama watoto wa ploti wanaocheza uani bila kujali mlango wa nani ni upi. Eneo lao la kuzunguka likiwa kubwa kiasi hicho, zinaweza kumeza mwanga tunaouona kwa macho. Naftalini ni nyeupe kwa sababu uwanja wake ni mdogo na inameza miale ya urujuanimno tu, ile macho yetu hayaioni. Perilini imevuka mstari huo na ikaingia kwenye rangi.

Perilini tupu hung'aa buluu, na kwa hilo imewahi kupata kazi: ndugu zake wa karibu walitumika kutoa buluu kwenye majaribio ya vioo vya OLED, vile vya simu na televisheni. Lakini watoto maarufu wa familia hii ni wale ambao wanakemia wamewafunga kichwani na miguuni kwa vikundi viitwavyo imidi. Hao huitwa perilini-diimidi. Imidi zinavuta elektroni kutoka katikati, kama shangazi wawili wanaovuta blanketi kila upande. Matokeo yake, oksijeni inayozunguka ikitafuta elektroni za kuiba inakuta zimeshikwa kwelikweli. Na rangi nyingi hufa hivyo hasa: mwanga unaiamsha molekuli, oksijeni inaivamia ikiwa imesisimka, inavunjika. Perilini-diimidi zinahimili vamio hilo kuliko wenzake wengi.

Molekuli hizi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1913. Mwanzoni zilitumika kutia rangi nguo, halafu kuanzia miaka ya 1950 zikageuzwa kuwa rangi za unga za kuchanganya kwenye magari na plastiki. Ukikutana na chupa ya msanii iliyoandikwa Pigment Red 179 au Pigment Violet 29, hiyo ni familia hii. Hata Pigment Black 31, ambayo wachoraji wa rangi za maji huiita kijani cha perilini kwa sababu ukiichanganya na maji inaonyesha kijani kizito, ni perilini.

Ngoja, nyekundu, zambarau na nyeusi kutoka kwa molekuli moja? Ndiyo. Na hapa chapati zinaingia.

Kwenye rangi ya unga, molekuli hizi bapa hukaa zimepangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotpoti, nafasi kati ya moja na nyingine ikiwa takriban theluthi moja ya nanomita. Mwili wa chapati ni ule ule katika rangi zote hizo. Kinachobadilika ni vimkia vidogo vilivyo kwenye ncha za imidi. Ukibadilisha kimkia, chapati zinateleza kidogo upande huu au ule, na namna elektroni za jirani zinavyoonana inabadilika. Kuteleza huko tu kunatosha kuhamisha rangi kutoka nyekundu hadi maruni hadi karibu nyeusi. Binafsi naona hiki ndicho kitu cha ajabu zaidi katika habari hii yote, kuliko hata leza. Molekuli ni ile ile, mpangilio ndio tofauti.

Miaka arobaini na sita ya kuitazama bila kuiona

Zikiwa zimepangwa hivyo, perilini haziwaki. Molekuli moja ikimeza mwanga, nguvu hiyo inapita haraka kwa jirani, kwa jirani wa jirani, na njiani inapotea kuwa joto. Kwa gari hilo ni jambo zuri. Lakini ndilo lililoficha kipaji chao. Kutoka 1913 watu walizitengeneza, wakaziuza, wakapakia nguo na mabati, na haikuwa hadi 1959 ndipo mng'aro wa perilini-diimidi ulipotambuliwa. Miaka arobaini na sita!

Mng'aro wenyewe unaufahamu, hata kama hujui jina. Keshia wa supamaketi akiweka noti yako chini ya ile taa ya zambarau, nyuzi fulani zinawaka. Ukiwa klabu yenye taa za aina hiyo, mtu aliyeagiza tonic anaonekana kama ameshika glasi ya buluu inayowaka, kwa sababu ya kwinini iliyo ndani. Ndiyo, kwinini ile ile ya malaria. Mwaka 1852 mwanasayansi George Stokes, wa Cambridge, alieleza jambo hilo akitumia kwinini: kitu kinameza mwanga wa mawimbi mafupi usioonekana, kinarudisha mwanga wa mawimbi marefu zaidi unaoonekana. Koti la mtu wa boda, lile la njano ya kuchoma macho, linafanya vivyo hivyo hata kama rangi yake ni ya familia nyingine. Ndiyo maana linaonekana kama lina taa ndani jioni ikikaribia.

Molekuli ikimeza chembe ya mwanga, tuiite fotoni, elektroni yake inapanda orofa. Haikai huko. Inateleza ngazi chache, inatulia kidogo, halafu inashuka na kutoa fotoni mpya yenye nguvu ndogo kidogo kuliko ile ya kwanza. Ni kama kutoa pesa kwa wakala: ada lazima.

Swali ni je, katika fotoni 100 ulizoweka, ngapi zinarudi? Kwa vitu vingi jibu ni sifuri, zote zinakuwa joto. Kwa rangi nzuri za kung'aa ni nusu au zaidi. Kwa perilini-diimidi zilizotenganishwa vizuri kwenye kiyeyushi, ni karibu zote. Lumogen F Red 305, perilini nyekundu ya kampuni ya BASF, inatajwa kurudisha takriban 98 kwa kila 100. Inameza zaidi kwenye nanomita 578, hapo kwenye njano, na kung'aa kwenye 613, nyekundu ya chungwa. Na kazi yote hiyo, kwa perilini-diimidi ya kawaida, inachukua takriban nanosekunde 4. Katika muda huo mwanga wenyewe unasafiri mita moja na kidogo, yaani hata kutoka kochi hadi kwenye TV hujafika.

Tatizo lilikuwa kuzitenganisha. Chapati zinapenda hotpoti. Uzitie kwenye kiyeyushi, zinakimbilia kushikamana na kuzama chini kama unga wa ugali uliotiwa kwenye maji baridi. Heinz Langhals, mwanakemia wa Munich, ndiye aliyefungua mlango huu kuanzia miaka ya 1980 kwa kuzifunga mikia mirefu iliyogawanyika pande mbili, kama mkia wa mbayuwayu. Mikia hiyo inatapakaa juu na chini ya chapati, na jirani akitaka kulala juu yake anakosa nafasi. Ghafla rangi iliyokuwa tope ikawa maji ya chungwa yanayowaka njano ya kijani.

Sasa leza

Leza si taa kali tu. Tofauti ni nidhamu.

Kwenye mng'aro wa kawaida kila molekuli inatoa fotoni yake wakati wake, upande wake. Fikiria mashabiki uwanjani Kasarani kabla mechi haijaanza, kila mtu anapiga kelele zake. Halafu mmoja anaanzisha wimbo. Wa karibu anaudaka, kwa sauti ile ile, mpigo ule ule. Wanakuwa wawili, wanne, na baada ya sekunde chache jukwaa zima ni sauti moja. Einstein ndiye aliyeona, mwaka 1917, kwamba mwanga unaweza kufanya hivyo: fotoni ikipita karibu na molekuli iliyosisimka, inaweza kuishawishi itoe fotoni pacha, ya rangi ile ile, inayoelekea kule kule.

Kuna sharti. Jukwaani lazima wawe wengi walio tayari kuimba kuliko waliokaa kula njugu, kwa sababu aliyekaa hadaki wimbo, anaumeza. Kwa molekuli, lazima zilizo orofani ziwe nyingi kuliko zile za chini ambazo zingemeza mwanga huo. Theodore Maiman alifanikisha hilo kwa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1960, California, kwa kijiti cha yakuti. Mwaka mmoja tu baada ya watu kutambua kwamba perilini-diimidi zinawaka. Hao wawili walichukua muda mrefu kukutana.

Kwanza zilikuja rangi nyingine. Mwaka 1966 Peter Sorokin na John Lankard wa IBM walipata leza kutoka kwenye rangi iliyoyeyushwa, na Fritz Schäfer akafika hapo hapo kivyake kule Ujerumani. Faida ya leza ya rangi ni kwamba unaweza kuigeuza kama kitufe cha redio, kutoka kijani hadi njano hadi nyekundu, kwa sababu rangi moja inang'aa kwenye upana mkubwa wa mawimbi. Yakuti haikupi hiyo, ina nyekundu yake moja basi.

Hasara? Fujo. Rangi iliyopendwa sana, rodamini 6G, huwekwa kwenye pombe au viyeyushi vingine na kuzungushwa kwa pampu ili molekuli zilizochoka zipishe mpya. Kuna mabomba yanayovuja, viyeyushi vinavyoshika moto, na rangi inayokufa inabidi ubadilishe. Halafu kuna mambo ya tripleti: elektroni iliyosisimka wakati mwingine inaingia chumba cha pembeni ambako kutoka ni shida, inakaa humo muda mrefu, na huko inameza ule mwanga unaojaribu kuujenga. Kama makanga aliyesimama mlangoni, hapandi, hashuki, na wengine hawapiti.

Hata hivyo mashine hizo zinafanya kazi hadi leo. Leza za rangi za nanomita 585 hadi 595 ndizo madaktari wa ngozi wametumia kwa miaka mingi kufifisha alama nyekundu za kuzaliwa nazo, kwa sababu damu inameza mwanga wa njano vizuri huku ngozi ya juu ikiuachia upite. Ngozi nyeupe, niongeze. Ngozi yetu ina melanini nyingi, nayo inataka sehemu yake ya mwanga huo, kwa hivyo hatari ya kubaki na mabaka iko juu zaidi na daktari lazima ajue anachofanya. Ukiona tangazo la leza ya urembo mtandaoni lenye picha za ngozi za Ulaya tupu, uliza swali hilo kabla ya kulipa.

Wazo la kuondoa majimaji lilikuja mapema. Mwaka 1967 Soffer na McFarland waliweka rodamini kwenye plastiki ngumu na ikatoa leza. Lakini plastiki haina pampu. Molekuli ikifa, imekufa pale pale, na mwenzake hawezi kuja kuchukua nafasi. Ndio maana watu walianza kutafuta rangi isiyokufa haraka, na hapo ndipo mtu akakumbuka boneti za magari.

Mwaka 1989 Renata Reisfeld na wenzake, Israeli, walitangaza leza ya hali ngumu iliyotumia perilini ya BASF ndani ya kioo kilichopikwa kwa joto la chini. Kioo cha kawaida kinayeyushwa kwa joto ambalo lingeunguza rangi ikawa makaa. Wao walianza na majimaji yanayoganda polepole kuwa kioo chenye vitundu, kisha wakajaza vitundu hivyo plastiki pamoja na rangi. Miaka iliyofuata perilini ya chungwa na perilini nyekundu zikawekwa kwenye kila aina ya plastiki na vioo mseto na kushindanishwa na rangi nyingine. Perilini hazikuwa bingwa wa kutoa nguvu nyingi. Sifa yao ilikuwa kuvumilia, piga mwanga, piga tena, bado ziko.

Ujanja wa ngazi ya pili

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo utaelewa kwa nini perilini ni baraka na kero kwa wakati mmoja.

Perilini-diimidi iliyotenganishwa inameza mwanga kwenye vilele viwili vikuu, karibu nanomita 526 na 490. Inapong'aa, vilele vinatokea upande wa pili kama taswira kwenye kioo: karibu 535 na 575. Angalia hizo namba mbili za katikati. Inameza 526, inatoa 535. Pengo ni nanomita tisa hivi. Kwa hivyo fotoni nyingi za 535 zinazotoka kwa molekuli moja zinamezwa na ya jirani kabla hazijafika mbali. Inatoa tena, inamezwa tena. Mwanga unabaki ukizunguka mtaani kama deni la chama.

Kwa leza hilo lingekuwa kifo. Ila kuna kilele cha pili, 575. Elektroni inayotoa mwanga huo haishuki hadi sakafuni. Inatua kwenye ngazi moja juu ya sakafu, molekuli ikiwa bado inatikisika. Na ngazi hiyo kwa kawaida haina mtu. Anayetua hapo anateleza chini mara moja na kuiacha wazi tena. Maana yake hakuna molekuli zinazongoja kumeza mwanga wa 575, na lile sharti la kuwa na wengi juu kuliko chini linatimizwa kwa molekuli chache tu zilizosisimka.

Ndiyo maana leza ya perilini-diimidi haitoki pale mng'aro ulipo mkali zaidi. Inatoka kwenye kilele cha pili, kile dhaifu. Kikundi cha María Díaz-García katika Chuo Kikuu cha Alicante, Uhispania, kimefanya kazi hii kwa miaka. Wanachukua polistireni, jamaa wa ile plastiki ya vikombe vyeupe vya chai, wanaiyeyusha pamoja na perilini-diimidi, wanamwaga kwenye kioo kinachozunguka kwa kasi na kubaki na utando mwembamba kuliko maikromita moja. Perilini ni chini ya asilimia moja ya utando. Ukizidisha, chapati zinaanza kushikana na mng'aro unakufa. Ukipunguza sana, hakuna wa kutosha kuimba.

Wakiupiga utando huo kwa leza ya kijani, mwanzo unang'aa tu, rangi imetawanyika. Wakiongeza nguvu, kufika kizingiti fulani, upana wa rangi unajikunja ghafla na kubaki mstari mwembamba karibu nanomita 579. Hakuna kioo wala lenzi. Utando wenyewe unaongoza mwanga ndani yake na kuukuza.

Hatua iliyofuata ni kuchora mistari kwenye utando, kila mstari ukiwa chini ya nanomita 400 kutoka kwa mwenzake. Mistari hiyo inarudisha wimbi moja tu na kulipuuza jingine lolote, na hivyo inafanya kazi ya vile vioo viwili vya leza ya kawaida. Sasa una leza kamili, bapa, unayoweza kuitengeneza kwa plastiki na kuikata vipande.

Damu kwenye plastiki

Na kile kipimo cha damu? Rangi ya leza hiyo inategemea jinsi mwanga unavyosafiri kwenye utando, na mwanga una tabia ya kuchungulia nje kidogo, juu ya uso. Ukiweka kitu pale juu, unabadilisha safari yake, na leza inahama kidogo, sehemu ya nanomita au zaidi. Panda juu ya uso kingamwili zinazoshika protini moja ya ugonjwa. Dondosha damu. Protini ikiwepo, inanasa, leza inahama. Isipokuwepo, haihami. Huhitaji kutia rangi nyingine wala kusubiri sampuli isafirishwe. Watafiti wa Alicante wameonyesha kwamba leza zao za perilini zinaweza kusoma mabadiliko hayo, kwa kuanzia na vimiminika vya kawaida, na vikundi vingine vimenasa protini kwa leza za plastiki za aina hii.

Kwa mtu anayeishi karibu na maabara nzuri hilo ni jambo la kusoma na kupita. Kwa mtu ambaye sampuli yake inapanda matatu kwenda mji mwingine na jibu linarudi wiki ijayo, si jambo dogo.

Lakini nisikuuzie ndoto. Kile kipande cha plastiki ni cha bei ya chini kweli. Kinachokigonga kukiamsha sicho. Kwa kawaida ni leza nyingine ya maabara, yenye mapigo mafupi makali, na hiyo huibebi mfukoni. Ni kama mtu akuuzie redio ya bei ya soda halafu akwambie inatumia jenereta. Kazi kubwa ya miaka hii ni kushusha kizingiti hadi chanzo kidogo kitoshe. Mwaka 2008 watu wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, waliwasha leza ya polima kwa taa ya LED. Mwaka 2023 chuo hicho hicho kikatangaza leza ya plastiki inayoendeshwa na umeme moja kwa moja, kwa kuweka OLED kali kabisa mgongoni mwa leza. Hizo hazikuwa perilini. Mlango ni ule ule hata hivyo, na perilini wamekaa foleni na sifa yao ya kutokufa haraka.

Jua bila leza

Kuna kazi nyingine ambako perilini wameshatoka maabara hadi barabarani, na haihitaji chanzo chochote zaidi ya jua.

Umeona plastiki za rangi zinazotumika kwenye mabango na rula, zile ambazo uso ni wa kawaida lakini ukingo unawaka kama una umeme? Mwanga unaingia kwenye uso, rangi inaumeza na kuutoa pande zote, na mwingi wake, karibu robo tatu, unanaswa ndani na kukimbilia kingoni. Ukibandika seli nyembamba ya sola kwenye ukingo, una paneli ambayo sehemu kubwa yake ni plastiki tu. Na inakula hata mwanga wa mawingu, ambao hauna upande. Julai ya Nairobi ingefaa.

Mwaka 2015 Waholanzi walisimamisha kuta za aina hii kando ya barabara kuu ya A2 karibu na Den Bosch, nyekundu na chungwa, zinazuia kelele za magari huku zikitafuta umeme. Kila nikipita chini ya Expressway nawaza rangi hizo badala ya zege.

Kwa paa lako usingoje. Paneli ya kawaida inafika asilimia 20 hivi, na kipande kilichojulikana sana cha aina hii, cha 2008, kilitoa asilimia 7.1 kikiwa cha sentimita tano kwa tano, kikitumia Red 305, rangi ya pili ya njano, na seli ghali pembeni. Ukikiongezea ukubwa kinashuka. Sababu unaijua tayari: lile pengo dogo. Kwenye ubao wa mita moja, fotoni inamezwa na kutolewa mara nyingi kabla ya kuona ukingo, na kila mara ina nafasi ya kutoroka. Leza inaweza kukimbilia kilele cha pili. Paneli haina ujanja huo, inalazimika kupokea mng'aro wote kama ulivyo.

Kwa hivyo wanakemia wamerudi jikoni. Wapo wanaoongeza vikundi vinene pembeni mwa perilini kuisukuma imeze mbali zaidi na inapotoa, na wapo wanaoifunga na molekuli nyingine inayomeza kwa niaba yake. Kila ukifungua pengo upande mmoja, unapoteza kitu kingine, mara nyingi ule uvumilivu wa jua uliofanya watu waipende tangu mwanzo.